Rubani hana deiwaka

Wale mnaosoma gazeti hili mkiwa mmening'inia mlangoni mwa daladala, na wale mnaoliazima kwa jirani halafu hamrudishi, wote nawapa hi! Kijana wenu bado nipo. Mifuko imetoboka kama kawaida, lakini mdomo mzima. Wiki hii nina kisa kilichoanzia kwenye daladala ya Kivule kikaishia angani, kwa hiyo funga mkanda twende.

Jumatatu asubuhi, saa mbili na ushee, namkuta dereva wetu mmoja pale kijiweni Ukonga anakunywa kahawa. Saa mbili! Dereva wa daladala saa hizo anatakiwa awe anagombania abiria pale Banana, siyo kukaa na kashata mkononi kama mstaafu. Nikamuuliza, "Kaka vipi, gari bovu?" Akanijibu bila kunitazama, "Gari zima. Mimi ndiye mbovu. Nimegoma."

Kumbe tajiri wake kampandishia hesabu. Ilikuwa 120,000 kwa siku, sasa anataka 140,000, mafuta juu ya dereva, trafiki juu ya dereva, pancha juu ya dereva. Lakini mwenyewe anasema hesabu siyo iliyomuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba miezi kadhaa nyuma gari lilikaa gereji wiki tatu, na tajiri akamwambia, "Nivumilie kijana wangu, tukirudi barabarani nitakufuta jasho." Jamaa akavumilia. Wiki tatu akala kwa shemeji. Gari likarudi barabarani, jasho likaendelea kutiririka, mfutaji haonekani. Na sasa juu ya deni hilo anaongezewa hesabu!

"Kwa hiyo nimegoma kama rubani," akasema, akapuliza kahawa yake kwa raha zake.

Basi bwana, kahawa yenyewe hajaimaliza, gari lake likapita. Limejaa mpaka mlangoni! Nyuma ya usukani kakaa bwana mdogo mmoja, deiwaka, kofia kaigeuza nyuma, muziki juu. Konda ni yuleyule wa siku zote, anapiga mluzi kama vile hakuna kilichotokea. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, siwafichi, ila nilipomwona dereva wetu anavyolikodolea macho lile gari mpaka likapotea, kicheko kikanikwama kooni.

Mzee mmoja pale kijiweni, ambaye sisi tunamwita Mzee wa Jumuiya (na sababu mtaijua mbele ya safari), akasema taratibu, "Wewe usijifananishe na rubani. Rubani hana deiwaka."

Nikasema hiyo ni ya gazetini. Na ndiyo hii.

Hebu kwanza niwape darasa dogo, ingawa mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne na Fizikia tuliachana kwa ubaya. Ndege kubwa ya abiria inaendeshwa na watu wawili pale mbele, kapteni na rubani msaidizi. Leseni zao haziko kama hizi zetu, kwamba ukishakuwa na daraja la basi basi unapanda basi lolote. Rubani anasomea na kupimwa kwa aina ya ndege. Aliyezoea ndege ndogo za safari fupi hawezi kuamka asubuhi akaambiwa mwenzio kanuna, kamata Boeing 787 upeleke watu London. Atarudi darasani kwanza, na darasa lenyewe ni la wiki nyingi na ngawira nyingi.

Hata kwenye ndege yake mwenyewe aliyoizoea, akikaa siku 90 bila kupaa na kutua walau mara tatu, haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudie mazoezi. Kila baada ya miezi sita hivi anaingizwa kwenye mashine ya kuigiza safari, mkufunzi anamzimia injini moja kwa makusudi, anamwashia moto wa uongo, anamletea upepo wa ubavu, halafu anamwangalia atafanyaje. Mwajiri gani mwingine anakufanyia usaili upya kila miezi sita? Bado daktari. Moyo, macho, masikio, kila kitu kinapimwa. Daktari akitikisa kichwa, kazi imeisha siku hiyohiyo, hata kama umelipia ada ya mtoto jana. Na hata ukiwa mzima kama chuma, ukifika miaka 65 sheria za kimataifa hazikuruhusu tena kurusha abiria kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kwisha habari.

Sasa ukiangalia vizuri, utaona hayo masharti yanamfanyia rubani mambo mawili kwa mpigo. Yanampa ubabe, maana akikaa chini hakuna kijana wa kofia nyuma wa kukamata usukani. Lakini pia yanamtia hofu, maana ajira yake inaweza kukatika kwa karatasi moja ya daktari. Ndiyo maana marubani wakikaa mezani na mabosi, wanaangalia sana na pesa ya siku watakapovua zile suti zenye mistari begani.

Kasheshe la Nairobi la mwaka 2022 lilikuwa hilohilo. Wengi wetu huku Bongo tulilisikia juujuu tu, tukasema, "Marubani wa KQ wanataka nyongeza, wameshiba hao." Mimi mwenyewe nilisema hivyo kijiweni, tena kwa sauti. Naomba radhi, maana baadaye nilifuatilia nikakuta mambo siyo kama nilivyodhani.

Lilivyoanza ni hivi. Machi 2020, korona ikapiga hodi. Kenya ikafunga safari za ndege za kimataifa, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti mwaka huo. Shirika la ndege lisiloruka ni kama daladala iliyoko gereji, ila hili lina makumi ya magari na kila moja linadaiwa kodi. Kenya Airways ilikuwa tayari inaumwa kabla ya korona. Mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya shilingi bilioni 26 na ushee za Kenya, hasara iliyoingia kwenye historia ya nchi ile. Kwa hiyo korona ilimkuta mgonjwa kitandani.

Uongozi ukafanya kama tajiri wa rafiki yangu. Nivumilieni! Mishahara ikapunguzwa, sehemu nyingine ikaahirishwa kwamba italipwa hali ikitulia. Na mchango ambao shirika lilikuwa linauweka kwenye mfuko wa akiba wa marubani, ile pesa ya uzeeni, ukasimamishwa.

Wafanyakazi wakavumilia. Ndege zikarudi angani. 2021 ikapita. 2022 ikaanza, abiria wakarudi, tiketi zikapanda bei. Marubani kupitia chama chao, KALPA, wakaanza kuuliza: Ule mfuko vipi? Ile mishahara iliyoahirishwa vipi? Majibu yakawa longolongo. Uongozi ukasema shirika halina hali hiyo, bado linapata hasara, bado linaishi kwa msaada wa Serikali, ambayo ndiyo mwenye hisa mkubwa na asilimia 48.9 yake. Na hapo siwezi kuusingizia uongozi kwamba ulikuwa unadanganya. Mwaka huo wa 2022 shirika lilifunga mahesabu na hasara ya bilioni 38. Wenye kuuliza walikuwa na haki ya kuuliza, na mwenye kuulizwa mfukoni alikuwa mkavu kweli. Ndoa ngapi mtaani kwetu zimevunjika kwa mazingira hayohayo!

Oktoba 2022 marubani wakatoa notisi ya mgomo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mfanyakazi haki ya kugoma, imeandikwa kabisa. Lakini kwanza uongozi ukakimbilia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mahakama ikatoa amri mgomo usimame kwanza watu wasikilizwe.

Jumamosi ya tarehe 5 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, marubani wakagoma hivyohivyo.

Kizaazaa! Pale uwanja wa Jomo Kenyatta watu walilala juu ya mabegi. Zaidi ya abiria 10,000 walikwama au kuvurugiwa safari, na wengine wala hawakuwa wanakwenda Nairobi, walikuwa wanapita tu kwenda kwao. Uongozi ulikadiria kwamba kila siku ya mgomo ilikuwa inateketeza shilingi milioni 300 za Kenya. Ndege zimepangwa uwanjani, mafuta yapo, wahudumu wapo, chakula kimeshapikwa, na hakuna kinachosogea, kwa sababu watu wapatao 400 wamesema leo hapana.

Uongozi nao ukapandisha mashetani. Ulisema mgomo ni haramu, ukatangaza kwamba unajitoa kwenye makubaliano ya kukitambua chama na kwenye mkataba wa hali bora uliokuwepo. Kwa lugha ya kijiweni, hatukujui na chama chako hatukijui. Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alikuwa na siku chache tu tangu aapishwe, hata kiti hakijapata joto. Kazi ya kwanza ndiyo hiyo!

Nilipofika hapo kwenye hadithi yangu, dada mmoja wa saluni ambaye huwa anakuja kununua kashata akanikatiza. Huyu dada mzigo wake wa nywele na vipodozi hupitia Nairobi. "We kaka, usiniletee huruma za rubani," akasema. "Mimi nikikwama siku mbili na mzigo, mtaji umekata, na hakuna mahakama inayonikalia kikao. Rubani akigoma anapumzika kwake, kiyoyozi kinapuliza. Mimi nalala sakafuni nimekumbatia begi. Kama hawaelewani na bosi wao, mimi kosa langu nini?"

Kijiwe kikanyamaza. Hata mimi sikuwa na jibu la kueleweka, na mpaka naandika hapa bado sina. Maana ukweli ndiyo huo, kwenye ugomvi wa ndege anayeshikwa shati ni abiria. Mgomo wa rubani unakuwa na makali kwa sababu abiria anaumia. Abiria asipoumia, bosi hasikii. Na uongozi unalijua hilo, ndiyo maana kila mara ya kwanza kutajwa kwenye matangazo yake ni abiria wetu wapendwa, hata kama wiki iliyopita abiria wapendwa walicheleweshwa saa sita bila soda.

Halafu niliseme na hili, marubani wasije wakadhani nimenunuliwa kwa tiketi ya bure. Kugoma wakati mahakama imeshasema subiri ilikuwa ni kujipaka tope. Walikuwa na hoja nzuri, mtu mzima yeyote mwenye kusubiri kiinua mgongo angewaelewa, lakini kuanzia ile Jumamosi mazungumzo mtaani yakahama kutoka kwenye mfuko wa akiba yakawa ni habari ya watu wanaodharau korti. Bosi aliyekuwa anadaiwa akageuka mlalamikaji. Usanii wa aina hiyo mabosi wanaujua, na marubani waliingia kichwakichwa.

Hata hivyo, tazama walivyomalizana. Jumanne tarehe 8, Jaji Anna Mwaure akaamuru marubani warudi kazini kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, bila masharti. Lakini hakuishia hapo. Uongozi nao ukaambiwa uwaache wafanye kazi bila kuwabughudhi wala kuwachukulia hatua za nidhamu, na pande zote zikae chini zizungumze. Jumatano asubuhi marubani wakavaa suti zao wakarudi. Siku nne, basi.

Sasa rudi nyuma kidogo uangalie tarehe 6 Machi 2019, uwanja uleule. Waliogoma siku hiyo walikuwa wafanyakazi wa chini, wa chama cha wafanyakazi wa sekta ya anga. Walikuwa wanapinga mpango wa Kenya Airways kupewa uwanja wa Jomo Kenyatta iuendeshe, wakihofia vibarua vyao. Hao hawakuitwa mezani kwanza. Walipigwa mabomu ya machozi! Kiongozi wao akakamatwa. Na kule kwenye ukaguzi wa abiria wakaletwa askari wa jeshi kushika nafasi zao.

Unaona? Deiwaka walipatikana, tena wenye sare.

Mimi hapo ndipo niliposhika kichwa. Uwanja mmoja, mgomo na mgomo, lakini mmoja unajibiwa na jaji kwa lugha ya upole na mwingine unajibiwa na moshi. Tofauti siyo nani ana hoja. Mpakia mizigo naye anazeeka. Mgongo wake unazeeka haraka kuliko wa rubani, ukitaka kujua mwangalie anavyoshuka ngazi. Tofauti ni kwamba ukimtoa huyu, kesho unaokota mwingine, na ukimtoa yule, ndege inabaki kuwa jengo lenye mabawa. Kwa hiyo yule anayehitaji sana mkataba ndiye ambaye ni rahisi kumnyima.

Marubani wenyewe wanazijua nguvu zao muda mrefu. Mwaka 2016 chama hichohicho kilitishia kugoma kikitaka vigogo waondoke, mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu. Mgomo ukaahirishwa. Kabla mwaka haujaisha mwenyekiti alikuwa ameshapisha kiti, na mtendaji mkuu ametangaza kuondoka. Nenda wewe kamwambie tajiri wa daladala akae pembeni uone!

Na siyo Afrika tu. Washabiki wa kandanda wenzangu mnaikumbuka Kombe la Dunia Ufaransa 1998? Wenye umri mdogo muulizeni baba. Marubani wa Air France waligoma tarehe 1 Juni, siku chache kabla ya mpira kuanza, dunia nzima inaelekea Paris. Wakakomaa siku kumi, makubaliano yakapatikana tarehe 10, siku ileile Brazil na Scotland wanafungua dimba! Bosi alikuwa anataka kupunguza gharama za mishahara, wao wakatoka na mpango wa kubadilisha sehemu ya mshahara kwa hisa za kampuni. Yaani walichagua wakati kama mshambuliaji anavyochagua kona. Kampuni hiyo baadaye iliungana na KLM, na kundi lao ni wenye hisa ndani ya Kenya Airways. Dunia ndogo.

Lakini ngoja nirudi kwa yule mzee, maana yeye ndiye aliyenitoa kwenye utani.

Mzee wa Jumuiya hakusema kitu muda wote. Nilipotaja mfuko wa akiba ndipo akaweka kikombe chini. Akauliza, "Hao marubani waliahidiwa watalipwa lini?" Nikamwambia waliambiwa hali ikitulia. Akacheka kicheko cha puani. "Na sisi tuliambiwa hivyohivyo."

Kwa faida ya vijana wenzangu ambao historia walikuwa wanaichora vikatuni pembeni ya daftari: kabla ya Kenya Airways na kabla ya Air Tanzania, kulikuwa na shirika moja tu la nchi tatu, East African Airways, la tangu mwaka 1946. Makao yake Nairobi. Lilikuwa na ndege za Super VC10 ambazo wazee wakizisimulia utadhani wanamsimulia mchumba wa ujanani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika likafa nayo. Kenya ikaanzisha lake Januari mwaka huo, sisi tukaanzisha letu Machi. Ndege ziligawanwa, majengo yaligawanwa, madeni yalibishaniwa.

Na wafanyakazi? Wa ndege, wa reli, wa bandari, wa posta, wote wa Jumuiya ile walikuwa na mafao yao waliyoyachangia miaka na miaka. Iliwachukua wakubwa mpaka 1984 kusaini makubaliano ya kugawana mali na madeni, na humo ikakubaliwa kila nchi iwalipe watu wake. Huku kwetu ikaanza safari nyingine ya nenda rudi. Barua, vikao, kesi. Mwaka 2005 ndipo Serikali na wazee hao, zaidi ya 31,000, wakafikia makubaliano ya shilingi bilioni 117. Hesabu mwenyewe: 1977 mpaka 2005, miaka 28! Mtoto aliyezaliwa siku Jumuiya inakufa alikuwa ameshaoa. Na hata baada ya hapo bado wapo waliosema hawakulipwa kilicho chao chote. Nyie wenye umri kama wangu au zaidi kidogo mnazikumbuka picha za vikongwe wamekaa katikati ya barabara mjini, magari yamesimama, polisi wamewazunguka hawajui wamshike nani, maana ukimshika mkono unaweza ukatoka nao.

"Wengi walikufa foleni," mzee akasema. Hakuongeza neno.

Basi nikawaelewa marubani wa Nairobi kuliko nilivyowaelewa mwanzo. Wamefanya kazi kwenye shirika lililozaliwa kwenye kaburi la lile la kwanza. Kuna wenye wazazi na wajomba waliosubiri. Mtu anayejua hadithi hiyo, ukimwambia mchango wako wa uzeeni tumeusimamisha kidogo, neno kidogo haliingii akilini kwake. Pesa ya mshahara ikichelewa unamkopa Mangi. Pesa ya uzeeni ikichelewa huna wa kumkopa, na Mangi mwenyewe utakuwa umemzika.

Mabosi nao wana lao, na mimi siyo mtu wa kumpiga mtu aliyeanguka. Shirika limehangaika. Kwa mwaka wa 2024 lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, faida ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, watu wakapiga vigelegele. Nusu ya kwanza ya 2025 likarudi tena kwenye hasara ya bilioni 12 hivi, baadhi ya ndege kubwa zikiwa zimekaa chini hazirukii. Ukiwa bosi wa biashara ya namna hiyo, leo una mshiko kesho huna, kila ahadi unayoisaini inakuogopesha. Hilo nalikubali. Ninachokataa ni kusaini halafu ukishabanwa unasema mkataba wenyewe hatuutambui. Hapo mtu mwenye akili timamu atagoma, na asiye na nguvu ya kugoma ataiba mafuta.

(Dereva wetu alipolisikia hilo la mafuta alitazama pembeni. Sijasema kitu mimi.)

Saa tano hivi tukiwa bado tunabishana, simu ya dereva ikalia. Tajiri! Akasimama, akasogea mpaka kwenye mti, sisi wote tukanyamaza tukijifanya tunaangalia kuku. Tukasikia "ndiyo bosi", "hapana bosi", "wapi? Pale Mombasa?" (hii Mombasa yetu ya Ukonga, siyo ya Wakenya). Akarudi meno yote nje. Kumbe yule bwana mdogo wa kofia nyuma kalivaa gari la mbele yake, taa moja na bampa kwaheri, trafiki wanataka chao, na tajiri anamuuliza dereva yuko wapi.

"Kasemaje hesabu?" dada wa saluni akauliza.

"Kasema tuanze na 125,000, halafu tutaongea."

"Na zile wiki tatu?"

"Kasema nimvumilie."

Mzee wa Jumuiya akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa kalamu ya bluu iliyofungwa rababendi. Akamnyooshea. "Mwambie aandike. Kiasi gani na tarehe gani. Akikataa kuandika, ujue ameshajibu."

Dereva akaiangalia ile kalamu kama vile kapewa nyoka. "Mzee, nikimpelekea karatasi huyu si ataniona mjuaji? Gari atampa mwingine."

"Leo hana mwingine," mzee akasema. "Wa kwake kagonga. Leo na wewe ni rubani. Keshokutwa taa itakuwa imeshafungwa."

Jamaa akasimama pale kama dakika nzima, funguo mkono huu, kalamu mkono huu. Mimi nikamchania ukurasa kwenye daftari langu, ukurasa ambao nilikuwa nimeandikia mwanzo wa makala hii, ndiyo maana mwanzo wenyewe umekaa hivyo. Akaukunja, akauweka mfuko wa shati pamoja na kalamu, akadandia bodaboda kuelekea Mombasa.

Alhamisi nimemwona anapita na gari, taa moja mpya, nyingine ile ya zamani ya njano. Kanipigia honi mara mbili. Sasa honi mbili maana yake karatasi imesainiwa au maana yake ni salamu tu, sijui, kwa sababu alikuwa mbio na nyuma yake kulikuwa na gari lingine la Kivule. Nikimpata kijiweni nitawajuza.

Tukutane wiki ijayo, na wewe uliyeliazima gazeti hili, mrudishie mwenyewe.